Aliyefagia Duka la Mzee Nasser

Inspekta Spès aliwakuta wanaume watatu wameizunguka kompyuta kama jamaa waliofika kumwona mgonjwa. Mmoja alikuwa ameshika kiuno, mwingine ameshika bisibisi. Wa tatu hakuwa ameshika kitu, ila alikuwa akiutazama mlango. Spès alimtazama huyo wa tatu kwanza.

"Ni huyo huyo," alisema aliyeshika kiuno. "Umemjua bila kuambiwa, Mama Inspecteur. Ameua mashini yangu."

"Mi sijaua kitu, patron."

"Nyamaza, Réno. Utaongea huko wanakokupeleka."

Aliyeshika kiuno alikuwa Ilyas, kijana mwenye kofia mpya ya kushonwa kwa mkono, mrithi wa duka hili la mtaa wa Rohero, mjini Bujumbura, lililoshughulikia mizigo ya bandarini. Meli ikifika kutoka Kigoma, karatasi za forodha ziliandikwa hapa, kwenye kompyuta hii, na karani wake Rénovat. Asubuhi hii kompyuta ilikuwa imekataa kuwaka, na Ilyas alikuwa amepiga simu polisi na kutamka neno moja: hujuma.

Ulikuwa mwaka 2000, na vita vilikuwa havijaisha. Kijana wa Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa mji, aliyeingia mahabusu kwa neno hilo hakujua atatoka lini, wala kama atatoka. Spès alijua. Kwa hiyo hakutoa pingu. Alivuta kiti akaketi.

"Hujuma ni neno kubwa," alisema. "Tuanze na madogo. Ilifanya kazi mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni," alijibu Rénovat. "Nimeifunga mi mwenyewe. Giza lilikuwa limeshaingia."

"Na leo?"

"Leo nimefinya bouton ya kuwasha, kimya. Nimefinya tena, kimya."

Mwenye bisibisi alikohoa. Huyu alikuwa Gaspard, fundi wa kompyuta, ambaye alijulikana mjini kwa kuvaa tai hata Jumamosi. "Inspecteur, alimentation ndiyo imekufa. Kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Courant imeruka usiku, ikakichoma. Itabidi tuagize kingine Dubai."

"Umefungua ukaona?"

"Apana. Mi naisikia tu."

"Umeisikia ikisema nini?"

"Haisemi kitu. Ndiyo maana najua imekufa."

Hata Rénovat alikaribia kucheka.

Spès aliinama chini ya meza. Alichomeka feni ndogo kwenye tundu la ukutani, na feni ikazunguka. Ukuta ulikuwa na umeme. Alitazama sanduku zito la kutuliza umeme, ambalo kila ofisi yenye kompyuta ililiweka miguuni kama mbwa mlinzi. Mshale wake ulikuwa umesimama penye kijani. Kioo cha kompyuta kilikuwa na taa yake ya njano, kikingoja. Alichomoa waya wa kioo akauchomeka kwenye kompyuta, na wa kompyuta akauchomeka kwenye kioo. Kioo kiliwaka taa ileile. Alibonyeza kitufe cha kompyuta. Kimya.

"Waya zote mbili ni nzima," alisema. "Umeme unafika mpaka mlangoni kwake. Hauingii."

"Si ndiyo nimesema?" Gaspard alidakia. "Dubai."

"Ngoja kwanza, sha. Dubai haihami."

Alipoinuka kutoka chini ya meza alipangusa magoti yake, kisha akatazama kiganja chake. Kilikuwa safi. Ilikuwa katikati ya kiangazi, na vumbi la barabarani lilikuwa limepanda mpaka kwenye majani ya miti. Katika ofisi yake mwenyewe, aliyepiga magoti aliinuka na magoti ya kijivu. Hapa sakafu iling'aa, hata pembeni, hata chini ya makabati.

Alimwomba Ilyas watoke barabarani wakaongee.

"Nani ana funguo za duka?"

"Mi na yeye. Basi. Na mlango haujavunjwa, nimeangalia."

"Na nani analala hapa?"

"Mi na mama tunalala juu, ngazi iko ndani. Lakini mama yuko kwenye eda, Inspecteur. Baba amefariki juzi juzi, unajua. Mama haonani na mwanaume asiye wa ndugu. Hashuki."

"Pole tena kwa Mzee."

"Tumeshapoa," alisema Ilyas, akitazama upande wa pili wa barabara.

"Kwa nini unamdhania Rénovat?"

"Amesema mbele yangu, kwa mdomo wake! Amesema: hii mashini ingekufa, mi ningefika nyumbani kungali jua."

Spès alikitazama kizingiti. Rohero nzima ilimjua marehemu Mzee Nasser kwa ufagio wake. Kila asubuhi, tajiri mwenye mizigo bandarini, alikunja suruali na kufagia mwenyewe, ndani mpaka kwenye barabara. Askari akipita alimsalimia, "Bwakeye, mwanangu, inua mguu." Na askari aliinua mguu. Mara moja Spès mwenyewe aliinua.

"Siku hizi nani anafagia?" aliuliza.

Ilyas alishangaa kuulizwa. "Réno. Akifungua asubuhi. Nikitoka kuswali Alfajiri napanda gizani, naoga, nakunywa chai, nikishuka nakuta kumeshafagiwa. Hicho tu ndicho anafanya vizuri."

Spès alirudi ndani, akampeleka Rénovat kwenye ghala la nyuma, penye harufu ya magunia na chumvi. Kijana alibaki amesimama mpaka alipoonyeshwa gunia la kukalia.

"Ulisema mashini ingekufa?"

"Nimesema, Inspecteur. Mi sidanganyi. Kila mutu wa Cibitoke anasema vile. Ukitoka hapa giza limeingia, unapanda vélo, unakanyaga pedali, unafika kwenye kizuizi cha askari wanakumulika tochi machoni. Ukiwapita hao, kuna ile barabara."

"Ile ya Mzee Nasser."

Rénovat alitazama viatu vyake. "Alinipeleka mi. Kazi ilichelewa, akasema giza hili si la vélo, panda pick-up. Amenishusha kwetu. Amegeuza gari. Risasi nimezisikia ningali nagonga mlango." Alijisogeza kwenye gunia. "Tangu siku ile patron haniangalii machoni. Kazi ananipa, mushahara ananipa. Macho, apana."

"Asubuhi ukifika, nani amefagia?"

"Ah? Patron."

"Umemwona?"

"Nakuta tu pasafi. Nikasema moyoni, amechukua kazi ya baba yake. Si vizuri kumuuliza mutu kitu kama kile."

"Wewe hujawahi kuushika ufagio?"

"Mi? Hata siku moja." Alilisema kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kuvaa viatu vya mwenye nyumba.

Spès alihesabu kwa vidole. Watu wawili walikuwa na funguo. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anafagia, na kwa heshima, au kwa kinyongo, hakuna aliyeuliza. Sakafu hiyo ilifagiwa na mtu wa tatu.

Alirudi kwenye meza. "Gaspard, fungua."

"Inspecteur, nikifungua, bado ni Dubai."

"Fungua, mwana wa mama."

Gaspard aliitupa tai yake begani na kufungua skrubu za nyuma. Kifuniko kilipotoka, wote waliinamisha vichwa. Spès alikuwa ameona kompyuta nyingi zilizofunguliwa, katika kesi za wizi, na alijua Bujumbura inavyoingia ndani yake: vumbi jekundu juu ya kila kitu, utando wa buibui kwenye feni, mara mjusi mkavu. Hii ilikuwa imepanguswa. Ilipanguswa kwa kitambaa laini, kwa subira, mpaka katikati ya mapanga ya feni.

"Haya, ona!" Ilyas alisema. "Ameingiza mkono!"

"Mtu ameingiza mkono," Spès alimrekebisha. "Gaspard, ile taa ndogo ya kijani pale ndani ni ya nini?"

Gaspard alitazama taa. Tai iliteleza kutoka begani. "Ile... inaonyesha kwamba umeme unafika kwenye kadi kubwa."

"Kwa hiyo alimentation imekufa inatoa umeme?"

"Pengine haijakufa sana."

Rénovat aliziba mdomo kwa kiganja.

Spès aliufuata kwa kidole waya mwembamba uliotoka nyuma ya kitufe cha mbele. Ulipaswa kwenda kwenye kadi kubwa, kwenye pini zake. Haukufika. Ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri, ukafungwa kwenye chuma cha pembeni, mbali na feni. Ulifungwa kwa uzi mweupe wa pamba, fundo dogo lenye kitanzi, la kufunguka kwa kuvuta mara moja.

Hakugusa fundo. Alilitazama kwa muda.

"Mniambie nyinyi," alisema. "Mtu anayefanya hujuma anakata. Anavunja. Anamwaga chai. Hajawahi kuwepo mhalifu aliyepangusa vumbi kwanza, kisha akaufunga waya ili feni isije kuukata. Huyu aliifanya mashini isiwake, na akaogopa isije ikaumia."

"Basi ni mutu gani?" aliuliza Ilyas.

Spès hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa anatazama kofia yake, mpya, vitundu vyake vimezungushiwa uzi mweupe wa pamba, na upande mmoja bado haujamalizika.

"Kofia nzuri. Imeshonwa wapi?"

"Mama anashona. Ni ya... alikuwa anamshonea baba. Amesema nivae mi, ataimalizia." Mkono wake ulipanda kichwani, ukabaki huko.

Spès alivuta fundo. Lilifunguka. Aliuweka uzi kwenye kiganja chake, akauendea mlango wa ngazi.

"Inspecteur, mama hapokei watu," Ilyas alisema.

"Hapokei wanaume. Mi ni mwanaume?"

Ngazi nazo zilikuwa zimefagiwa. Juu palikuwa na pazia zito, na nyuma ya pazia sauti iliyosema, "Karibu, mwanangu. Nilisikia viatu vya mwanamke nikafurahi."

Bi Miza alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, amevaa nguo nyeupe isiyo na pambo, miwani kwenye ncha ya pua, na kofia nyingine mapajani. Kando ya mkeka palikuwa na kiti cha mbao chenye mto. Spès alitaka kukikalia, akaona mto umebonyea katikati, akakaa mkekani.

"Pole na msiba, Mama."

"Tumeshapoa. Nikupe kahawa?"

"Nimekuja na uzi, Mama." Aliufungua mkono, akauweka uzi juu ya kofia. Hapakuonekana tena ulipoishia uzi mmoja na kuanzia mwingine.

Bi Miza alivua miwani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Spès alichelewa kutambua kwamba anacheka.

"Nilisema moyoni, atakayeniona atakuwa mwanamke. Wale wanaume watatu wangeizunguka mpaka Ramadhani."

"Ulishuka lini?"

"Alfajiri. Kila Alfajiri, Ilyas akiwa msikitini. Duka limefungwa, hakuna mwanaume, ni nyumba yangu. Nafagia. Marehemu hakutaka kulala na vumbi, nami siwezi kulilalia kwa ajili yake." Alipitisha kidole kwenye kofia. "Ile mashini aliiunda hapa, juu ya mkeka huu. Vipande vimetoka Dubai ndani ya boksi la tende. Mi nilimshikia tochi. Alikuwa kama mutoto. Akanionyesha ule waya: 'Miza, hili ndilo sikio lake. Ukilitoa, mfinye unavyotaka, hakusikii.' Nimeifungua kwa bisibisi yake, sikuivunja, mwanangu. Ningevunjaje kitu alichokishika?"

"Sasa kwa nini sikio?"

Bi Miza alielekeza kidevu sakafuni. "Naisikia kutoka huku juu. Ka-ka-ka, ka-ka-ka, mpaka giza. Ikinyamaza, najua Réno amepanda vélo. Ndipo nakaa dirishani nasikiliza upande wa kaskazini. Siwezi tena kusikiliza upande ule. Nikasema, siku moja tu. Mashini ikikataa, watamwambia nenda nyumbani. Siku moja mutoto wa watu afike kwao kungali jua."

"Hukumwambia Ilyas?"

"Nimemwambia. Anasema meli iko bandarini. Meli iko bandarini kila siku." Alikitazama kile kiti. "Ilyas hataki kuingia chumba hiki. Akiingia, anakiona kiti cha baba yake. Basi anatafuta kazi, anamshika Réno wakae huko chini mpaka giza, wote wawili hawaongei."

"Mama, unajua kwa nini nimeitwa?"

"Kuangalia mashini?"

"Polisi hawaitwi kuangalia mashini. Ilyas amemshitaki Rénovat. Ananingoja chini nimchukue."

Kofia iliteleza mapajani. Bi Miza alikuwa ameshasimama kabla haijafika mkekani, na kwa mara ya kwanza Spès aliiona sura ya mwanamke aliyekuwa akiwapigia kelele makuli wa mume wake.

"Ilyas!" aliita kutoka nyuma ya pazia. "We Ilyas! Lete ile mashini hapa ngazini!"

"Mama? Kuna wanaume hapa."

"Waangalie ukuta! Lete!"

Ilyas aliipandisha kompyuta mikononi, kifuniko kikiwa wazi, mpaka ngazi ya mwisho. Chini, Gaspard na Rénovat walisimama na nyuso zao ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa. Mkono wa Bi Miza ulitoka chini ya pazia, mkono wa mikunjo, wenye alama za sindano. Ulipapasa kingo za chuma, ukaushika waya, ukaufuata mpaka kwenye kadi. Haukuhitaji macho. Pini ziliingia.

"Nimeitoa mi, nimeirudisha mi," alisema. "Sasa nikamate mi, au nyamaza."

Ilyas alibaki amepiga magoti kwenye ngazi.

"Mama... mi nilidhani Réno..."

"Najua ulichodhani. Hukumdhania ya mashini. Ulimdhania ya baba yako."

Nje mtu alipita akiuza samaki wa mukeke, akiwasifu kwa sauti kwamba walikuwa ziwani asubuhi ile.

Walipoiteremsha na kuichomeka, Spès alimpa Rénovat ishara. Kijana alikisogelea kitufe kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu. Alibonyeza. Feni ilizunguka, mlio mfupi ukalia, na kioo kikafunguka rangi ya buluu.

"Mi nilisema tu, haijakufa sana," Gaspard alisema.

"Gaspard, rudi kwenu."

Alipoondoka, Spès alianza kuikunja karatasi ya mashitaka, ambayo hakuwa ameandika kitu juu yake. Alikunja polepole. Ilyas alikuwa amesimama mbele ya meza, na mara hii alikuwa anamtazama karani wake machoni.

"Réno."

"Patron."

"Siku ile. Kwenye pick-up. Alisema nini?"

Rénovat aliondoa mkono kwenye kitufe. "Alisema nishuke haraka, wali wa mama yako unapoa. Nikamwambia, Mzee, kesho nitawahi nikufagilie. Akakasirika! Akasema, 'Ufagio ni wangu. Usiuguse.' Nikacheka. Naye alicheka. Halafu akageuza gari." Alijipangusa pua kwa mkono wa shati. "Ndiyo sababu sijaugusa, patron. Si uvivu."

Ilyas aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea mzigo na kuukagua. Kisha alinyosha mkono, akaizima kompyuta. Kioo kilirudi kuwa cheusi, na wote watatu wakajiona ndani yake.

"Patron, meli iko bandarini."

"Imefungwa kamba. Haiendi popote. Panda vélo yako."

"Jua bado, patron."

"Ndiyo nakwambia panda."

Spès alitoka na kusimama kizingitini, mahali alipowahi kuambiwa ainue mguu. Jua lilikuwa bado juu, mbali na milima ya Kongo, na ziwa lilikuwa jeupe. Rénovat alipita na baiskeli yake. Alimpungia Inspekta, kisha akageuka akapunga juu, kwenye dirisha. Pazia lilisogea.

Nyuma yake, ndani ya duka, Spès alisikia viatu vya Ilyas vikipanda ngazi. Vilisita kwenye ngazi ya mwisho. Vikaingia. Alingoja kidogo zaidi ya ilivyohitajika kwa kazi yake, mpaka aliposikia kutoka juu kiti cha mbao kikivutwa, na mtu akikikalia.